hAP ac² ya MikroTik nyumbani: kujua nani anakula laini, na kumpanga kwenye foleni

Kama riziki yako inapita kwenye sauti yako mtandaoni na nyumba ina watu wengi, usikimbilie kuongeza kifurushi. Tafuta kwanza ruta inayokuonyesha nani anatumia nini, kisha ikuruhusu kuamua nani apite mbele. Kwangu mimi ruta hiyo imekuwa hAP ac² ya MikroTik. Nimekaa nayo vya kutosha kuisifu kwa moyo wote, na vya kutosha kusema wapi inachosha.

Mimi ni mkalimani wa mbali, Kiswahili na Kiingereza. Niko Arusha, madaktari na wagonjwa ninaowakalimania wako Marekani, na wengi wa wagonjwa hao ni wakimbizi waliotoka Kongo ya mashariki. Wakati wa kiangazi chao, saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, na kliniki zao zinafungwa huku kwetu ikikaribia saa sita usiku. Kwa hiyo zamu yangu inaangukia saa zile zile ambazo watoto wametoka shule, baba watoto ameshika rimoti, mdogo wangu anayesoma chuo anapakua mihadhara yake, na simu za nyumba nzima ziko kwenye chaji zikipakia picha. Mgonjwa anaeleza maumivu ya kifua yalianza lini. Neno moja likimezwa hapo, daktari anapata habari nusu. Mtu anayelia huwezi kumwomba arudie mara tatu.

Laini yetu ni faiba ya Mbps 20 kupakua na Mbps 10 kupakia. Mazungumzo ya sauti peke yake hayali hata kilobiti 100 kwa sekunde. Ukipiga hesabu hiyo unaona wazi kwamba nafasi ipo tele, na bado sauti ilikuwa inakatika karibu kila jioni. Boksi tulilopewa na mtoa huduma halikuwa na majibu. Lilionyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa, basi. Nani kati yao anavuta nini halikusema. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikashauriwa nipande kifurushi. Huo ushauri ningeufuata bila kujua ninachotibu.

Kifaa chenyewe ni kijisanduku cheusi, unaweza kukisimamisha, kukilaza au kukitundika ukutani. Antena ziko ndani. Kina matundu matano ya waya, yote ya gigabiti, tundu moja la USB, prosesa ya kori nne ya megahezi 716, memori ya MB 128, na Wi-Fi ya bendi mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ni kizazi cha 802.11ac, si Wi-Fi 6, na kiko sokoni tangu 2018. MikroTik wenyewe ni kampuni ya Latvia, iliyoanzishwa Riga mwaka 1996, na kwetu jina lao linafahamika zaidi kwa mafundi wanaofunga Wi-Fi za kulipia mitaani na hotelini. Bei yake ya kiwandani ilikuwa dola 69. Mimi nililipa laki mbili na kitu. Jambo moja dogo nililolipenda mapema: tundu la umeme linakubali volti 12 hadi 30, kwa hiyo kale kabetri kadogo ka volti 12 kanakouzwa kwa ajili ya ruta kanaiweka hewani umeme ukikatika katikati ya kikao.

Sasa, kabla ya kupanga kipaumbele chochote, nilikaa nikatazama tu. Hii ndiyo sehemu ninayotaka kila mtu aielewe, kwa sababu wengi wanafungua ukurasa wa vipaumbele siku ile ile wanapofungua boksi, wanaipa kompyuta yao daraja la juu, halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika.

Programu ya kuitazamia inaitwa WinBox, inawekwa kwenye kompyuta. Ipo pia ya simu, na unaweza kuingia kwa kivinjari kupitia 192.168.88.1. Hatua ya kwanza ni menyu ya IP, kisha DHCP Server, kisha Leases: hapo vipo vifaa vyote vilivyopewa anwani. Kila kimoja nilikibandika anwani ya kudumu kwa kitufe cha Make Static na kukiandikia maelezo kwa Kiswahili: tv sebuleni, simu ya baba, laptopu ya kazi, kamera ya geti. Kimoja kilijitambulisha kwa herufi za ESP na namba nyuma yake. Nikamtafuta mwenyewe nyumba nzima, kumbe ni ile soketi ya umeme inayowashwa kwa simu, iliyoko nyuma ya friji. Kuna jambo la kuangalia hapa. Simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 huficha anwani yao halisi ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, na kutumia ya kubuni kwa kila mtandao. Mtu akisahau mtandao wenu kwenye simu yake na kuunganisha upya, anaweza kuonekana kama mgeni. Kwa simu za watu wa nyumbani nilizima ufichaji huo kwa mtandao wetu peke yake, nao nikawaeleza sababu.

Kisha inakuja Torch, na kwa Torch pekee ningeinunua ruta hii tena. Iko kwenye menyu ya Tools. Unachagua bridge, yaani mtandao wote wa ndani, unabonyeza Start, na mbele yako inafunguka orodha hai: anwani fulani ya ndani inazungumza na anwani fulani ya nje, kupitia bandari fulani (namba ya mlango ambao programu inapitia), kwa kasi hii kwenda na kasi hii kurudi, sekunde kwa sekunde. Unaipanga kwa safu ya kasi, mlaji mkubwa anapanda juu.

Niliyemdhania hakuwa yeye. Nilikuwa na uhakika ni televisheni. Televisheni ilikuwa inavuta Mbps 5 hivi, kwa mikupuo, inajaza akiba inanyamaza, na kwenye laini ya Mbps 20 hilo si tatizo. Aliyekuwa juu kwenye safu ya kupakia ni kamera ya geti. Ilikuwa inatuma video kwenye seva za kampuni yake mchana kutwa na usiku kucha, hata pale ambapo getini hakuna kinachotikisika isipokuwa mpera. Ikifika saa moja jioni, simu mbili tatu zikaanza kupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na njia ya kupakia ikajaa mpaka pomoni. Sauti yangu inasafiri kwenye njia hiyo hiyo ya kupakia. Daktari alikuwa ananisikia vipande vipande huku mimi namsikia vizuri, na ndiyo maana kwa muda mrefu malalamiko yalikuwa yanatoka upande wao.

Kamera niliipangia irekodi kwenye kadi yake ya memori na itume video inapoona mtu tu. Hiyo peke yake ilipunguza nusu ya maumivu, na haikuhitaji kipaumbele chochote wala shilingi.

Ukurasa mwingine wa kutazama ni ule wa Wireless, sehemu ya Registration. Huo hauonyeshi nani anakula data. Unaonyesha nani yuko katika hali gani hewani. Kila kifaa kina namba ya nguvu ya mawimbi kwa dBm: ikiwa kama -50 au -60 kiko vizuri, ikikaribia -80 kinahangaika. Televisheni yetu ilikuwa -81, kwenye gigahezi 2.4, nyuma ya kuta mbili za tofali. Kifaa kama hicho kinazungumza polepole, na wakati kinazungumza wengine wote kwenye chaneli hiyo wananyamaza kumsubiri. Hewa ni moja, inagawanywa kwa muda. Kwa hiyo kifaa kinachovuta data kidogo kikiwa mbali kinaweza kuumiza nyumba kuliko kinachovuta nyingi kikiwa karibu. Televisheni niliivutia waya. Nasisitiza hili kwa sababu hakuna mpangilio wa foleni utakaotibu mawimbi mabovu, na naona watu wanapoteza usiku mzima kwenye menyu badala ya kununua mita kumi na tano za kebo.

Baada ya kutazama, ndipo nikaanza kupanga.

Kuna jambo moja la msingi. Kipaumbele kina maana pale tu foleni ipo mikononi mwako. Ruta yako ikiweza kusukuma data upesi kuliko laini inavyoweza kuipokea, foleni haikai kwenye ruta. Inajijenga mbele yake, kwenye kifaa cha mtoa huduma, ambacho hakijui laptopu ya kazi wala kamera ya geti. Humo pakiti ya sauti, yaani kipande kidogo cha data, inakaa nyuma ya megabaiti za picha ikisubiri zamu. Ni kama basi la mwendokasi: likishaingizwa kwenye barabara ya kila mtu, kuwa na njia yake mwenyewe huko nyuma hakulisaidii kitu. Dawa ni kujiwekea kikomo kidogo chini ya kasi ya laini, ili foleni ijijenge kwenye ruta yako. Ukisharudisha foleni nyumbani, unaipanga utakavyo.

Mimi nilipima laini saa mbili usiku, saa ya shida, si alfajiri. Ilikuwa inafikia Mbps 20 na 10 kama ilivyoahidiwa, nikaweka kikomo cha 18 na 9. Kwenye MikroTik hili linafanywa kwenye menyu ya Queues, ukurasa wa Simple Queues. Kwenye Target unaandika mtandao wa ndani wote, 192.168.88.0/24, na kwenye Max Limit kikomo chako. Angalia mpangilio: kupakia kunaandikwa kwanza, kupakua baadaye.

Foleni ya kwanza niliyoiweka ilikuwa hiyo moja tu, ikiwa na aina ya foleni inayoitwa CAKE, na kwa nyumba nyingi ingetosha kabisa. CAKE iliingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018, na MikroTik wakaileta kwenye RouterOS 7.1, mfumo unaoendesha ruta zao, mwishoni mwa 2021 pamoja na ndugu yake FQ-CoDel. Inachofanya ni kutenganisha mazungumzo yote yanayopita, kuyapa zamu kwa haki, na kuitupa pakiti mapema pale foleni inapoanza kurefuka, ili mtumaji apunguze mwendo. Mazungumzo membamba kama simu yangu yanapita bila kusubiri, bila hata kuambiwa kwamba ni simu. Mmoja wa waliohangaikia kazi hii kwa miaka mingi, na kuisukuma iwafikie watu wenye laini ndogo kama sisi, ni Dave Täht, aliyefariki Aprili 2025. Simfahamu zaidi ya kazi yake na maandishi yake, lakini kila kikao kinachopita salama nyumbani kwangu kinapita juu ya jasho lake, na nataka jina lake litajwe kwa Kiswahili pia.

Matokeo niliyapima kwa pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, huku simu mbili zikipakia video. Kabla ya foleni, pingi iliyokuwa inacheza kwenye milisekunde 25 hadi 30 ilipanda kupita 700. Baada ya foleni haikuvuka 45. Kikomo kimenigharimu sehemu ya kumi ya kasi, na ninaitoa kwa furaha.

Ila foleni hiyo haitafanya kazi hata chembe usipozima FastTrack. Ruta inatoka kiwandani ikiwa na sheria hiyo kwenye IP, Firewall, ukurasa wa Filter Rules. Kazi yake ni kuzipitisha data njia ya mkato ili prosesa isichoke, na njia hiyo ya mkato inaruka Simple Queues na pia sheria za Mangle, za kuzipa pakiti alama, nitakazozitaja. Unaweka foleni, unaona namba zake hazisogei, unadhani kifaa kibovu. Kampuni imeliandika hili kwenye maelekezo yake, lakini mnunuzi wa nyumbani hakutani nalo popote kwenye Quick Set, ukurasa wa mipangilio ya haraka, na hapo nawalaumu. Ukiweka foleni, ruta ingepaswa kukwambia yenyewe kwamba FastTrack ipo wazi. Kwa laini kama yangu kuizima hakuna gharama. Prosesa haifiki hata robo ya uwezo wake.

Baadaye nikaigawa foleni. Foleni mama ni nyumba nzima, chini yake zipo mbili: ya laptopu ya kazi, na ya wengine wote. Ya kazi ina Priority 1, ya wengine 8. Kwa MikroTik 1 ndiyo ya juu na 8 ndiyo ya chini. Juu ya hapo ya kazi ina Limit At ya Mbps 2 kupakia na 3 kupakua, yaani hicho ni kiasi kilichohakikishwa. Nisipokitumia, wengine wanakitumia. Nikikihitaji, kinarudi mara moja. Aina ya foleni kwa zote mbili za chini ni FQ-CoDel. Ya kazi lazima ikae juu ya ile ya wengine kwenye orodha, kwa kuwa ruta inasoma kutoka juu kwenda chini na inashika ya kwanza inayolingana. Vipaumbele hivyo vinapewa uzito pale tu foleni mama ina kikomo. Bila kikomo ni mapambo.

Hadi hapo tumepanga laini. Hewa ni suala lingine, na ruta nyingi za nyumbani hazikupi nafasi ya kuligusa.

Wi-Fi ina utaratibu wake wa vipaumbele unaoitwa WMM. Una madaraja manne: sauti, video, kawaida, na ya nyuma. Kifaa kinachotaka kuzungumza hewani husubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha ili kisigongane na wengine, na daraja la sauti linasubiri muda mfupi zaidi kuliko yote. Kwenye hAP ac² yangu, ninayotumia na programu ya Wi-Fi ya zamani (pakiti iitwayo wireless), WMM Support inakuja ikiwa imezimwa kwenye mipangilio, ingawa mpangilio huo unagusa hali za zamani za b na g tu; kwa nyingine WMM inawaka yenyewe. Ukitaka iwake kote, unafungua Advanced Mode na kuweka WMM Support kuwa enabled. Halafu unapaswa kuiambia ruta ni pakiti zipi ziende daraja gani, kwenye Firewall, ukurasa wa Mangle, kwa kitendo cha set priority. Namba 6 na 7 ni sauti, 4 na 5 ni video, 0 na 3 kawaida, 1 na 2 za nyuma.

Ipo njia rahisi ya kuacha ruta isome alama ya DSCP, namba ya daraja iliyo kwenye pakiti, na kuchukua biti tatu za juu. Sikuitumia, kwa sababu mbili. Alama nyingi zinafutwa njiani kabla ya kufika Arusha, zinaingia zikiwa sifuri. Ya pili, alama ya kawaida ya sauti ni 46, na biti zake tatu za juu zinatoa namba 5, ambayo kwa WMM ni daraja la video. Waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8325 wa 2018, unapendekeza 6. Kwa hiyo niliandika mwenyewe: trafiki ya UDP (njia ya kutuma data inayotumiwa na simu za mtandaoni) inayokuja kwa laptopu ya kazi kutoka bandari 8801 hadi 8810, ambazo Zoom inazitumia, na 3478 hadi 3481, ambazo Teams inazitumia, ipewe 6. Kwa Google Meet ongeza 19302 hadi 19309.

Nilijaribu pia kuipa simu ya mmoja wa watoto daraja la video ili nione, na kasi yake ilishuka badala ya kupanda. Sababu iko kwenye mpangilio unaoitwa AMPDU Priorities: kutoka kiwandani ruta inakusanya fremu nyingi kwenye safari moja kwa ngazi ya 0 peke yake. Ngazi nyingine zinakwenda moja moja, haraka lakini kwa vipande vidogo. Kwa sauti hiyo ni sawa kabisa, kwa filamu ni hasara. Basi waache watazamaji daraja la kawaida. Hawana haraka, wana kiasi.

Na hili: ruta inapanga kile inachokituma yenyewe. Sauti inayotoka kwenye laptopu kwenda kwa ruta inapangwa na laptopu. Windows inaruhusu kuweka alama ya DSCP kwa programu maalumu kupitia sera zake za QoS, yaani za vipaumbele vya mtandao, na nimefanya hivyo. Lakini mkalimani mwenzangu akiniuliza afanye nini kwanza, nitamwambia achomeke waya kwenye laptopu. WMM ni ya wale wasio na namna, na wakati mwingine mimi ni mmoja wao, pale sebule inapokuwa na wageni na inanibidi nihamie chumbani.

Kuhusu kuchunguza watu wa nyumba yako mwenyewe, nilifikiri sana. Torch haionyeshi mtu anasoma nini au anaandika nini. Inaonyesha anwani, bandari na kasi. Hata hivyo hiyo pia ni habari ya mtu. Mdogo wangu aliona skrini siku moja akashtuka: "Dada, kumbe unaona kila ninachofungua?" Nikamketisha nikamwonyesha mstari wake mwenyewe. "Sioni unachofungua, mdogo wangu. Naona kiasi, na naona saa." Tangu hapo naiwasha Torch pale tu kuna tatizo, na wote wanajua. Kwa kumbukumbu ya muda mrefu natumia Graphing, inayochora matumizi ya foleni kwa siku, wiki, mwezi na mwaka, bila kumtaja mtu. Kwa watoto ipo Kid Control: unampa mtoto jina, unamwekea vifaa vyake na saa zake, na ruta inakata na kurudisha yenyewe. Yetu inakata saa tatu usiku. Kelele zilikuwepo wiki ya kwanza.

Mapungufu. Menyu zake zimejaa mambo ambayo nyumba haitayahitaji kamwe, na zote ni kwa Kiingereza cha mafundi. Wi-Fi yake haifiki mbali. Nyumba ya vyumba vinne yenye kuta nene itataka kifaa cha pili. Nafasi ya kuhifadhi ni MB 16, finyu kiasi kwamba sijaihamishia kwenye pakiti mpya ya wifi-qcom-ac ingawa inakubalika. Usalama pia unakudai uwe macho: mwaka 2018 tundu kwenye WinBox lilishambuliwa dunia nzima, na ruta nyingi zilizoangukia mikononi mwa wahalifu ni zile ambazo wenyewe hawakuzisasisha. Toleo jipya liko System, Packages, Check For Updates. WinBox isifunguliwe kamwe upande wa intaneti.

Na kama intaneti yako ni ya laini ya simu, 4G, jua kwamba kikomo cha namba moja kitakusaidia nusu tu. Kasi ya mnara inapanda na kushuka kwa saa. Pima jioni, weka kikomo kwenye kiwango cha chini unachokiona, na ukubali kupoteza kasi ya asubuhi. Kwa mtu anayefanya kazi ya sauti biashara hiyo bado inalipa.

Asiyetaka kujifunza haya yote namwelekeza TP-Link Archer C6. Ina ukurasa wa QoS ambapo unaandika kasi ya laini, unachagua kifaa cha kupewa kipaumbele, umemaliza. Haitakuonyesha mambo kama Torch, na hewani haikupi uhuru huu, ila dakika kumi zinatosha na babu anaweza kuifanya. Anayependa kuchokonoa na tayari ana ruta inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa ruta, huko CAKE ipo kwenye pakiti ya SQM, bure.

Ukiamua hii ya kwangu, dukani soma kibandiko chini ya boksi: iandikwe RBD52G-5HacD2HnD. Ipo nyingine yenye jina la kufanana, hAP ac lite, RB952Ui, prosesa ya kori moja na matundu ya megabiti 100, na wauzaji wanaziweka rafu moja. Mwenye dola thelathini za kuongeza achukue hAP ax², yenye Wi-Fi 6, memori ya GB 1 na hifadhi ya MB 128. Foleni na Torch ni zile zile, lakini kwenye Wi-Fi inatumia menyu mpya, kwa hiyo maelezo yangu ya WMM Support hutayakuta mahali pale pale. Na ukishamaliza kupanga, ingia Files, bonyeza Backup, faili lihamishie kwenye kompyuta yako. Mtoto akishikilia kitufe cha reset ruta inapowashwa, FastTrack inarudi na foleni zote zinaondoka.